Neno la Masizi Kwenye Boneti

Nilicheka kwenye msiba wa mume wangu, na sioni haja ya kujitetea. Mwili ulikuwa bado ndani, wanawake tumejipanga ukutani na vilio vimeanza kukauka, ndipo mtani wetu alipotoka jikoni na sufuria ya ugali mkononi. Ni mama wa Kigogo tuliyekaa naye nyumba jirani Mtendeni, Tabora mjini, kwa miaka mingi, na alikuja Goweko, kijijini kwa mume wangu, na basi la waombolezaji. Aliigeuza sufuria chini juu, akakomba masizi kwa vidole, akaenda moja kwa moja kwenye gari letu lililoegeshwa uani. Kwenye boneti akaandika kwa herufi kubwa: MCHAWI. Kisha akapanda juu ya kigoda, akatangaza kwamba marehemu hakuugua figo wala nini, mkewe ndiye aliyemla, tena amemla bila chumvi, na kwamba gari hilo sasa ni mali ya Wagogo mpaka ukoo utakapolikomboa kwa kuku. Nilicheka mpaka kitambaa kikaniponyoka kichwani, na wanawake wenzangu wakacheka pamoja nami.

Asiyejua utani ataona ni wazimu. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kichwani kuelekea pwani, wakinunua maji ya kunywa na kutukanana juu ya bei yake mpaka wakazoeana. Mtani msibani hana adabu, na hatakiwi kuwa nayo. Anaweza kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka, anaweza kuficha jembe, anaweza kumtukana maiti na kuwatukana waliomzaa. Ukimkasirikia, aibu ni yako. Na alichokichafua hukisafisha yeye mwenyewe siku ya kumaliza msiba, akishapewa kuku wake, na kusema mbele ya watu wote kwamba alikuwa anatania.

Tulizika, tukarudi ndani, tukalala. Asubuhi wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, aliamka kabla ya watu wote akalisafisha gari.

Wifi ni mtu wa sufuria. Kwake sufuria zinaning'inizwa nje ya jiko ziking'aa juani mpaka barabarani, na wanawake wa pale kijijini humsifia kwa hilo kwa kuwa hakuna kingine cha kumsifia. Masizi kwake ni masizi, yawe wapi. Alichukua majivu, mchanga na stilwaya, akainama juu ya boneti, akaanza kazi. Na kwa kuwa ni mtu makini, hakusugua ovyo. Alifuata herufi moja moja, pale penye weusi tu, juu mpaka chini, mpaka zote zikatoka.

Masizi yalitoka kweli. Jua lilipopanda tukaliona neno, sasa jeupe, limechimbwa kwenye rangi ya bluu ya kiza, limenyooka na kusomeka vizuri kuliko lilivyokuwa chini ya mkono wa mtani.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimekusafishia. Au ulitaka uende nalo kanisani hivyo hivyo?"

"Hili ni gari, si sufuria."

"Chuma ni chuma," alisema, akaenda kumwaga maji machafu kwenye migomba.

Mpaka leo sijui kama alidhamiria, na nimeacha kujiuliza kwa sababu hakuna jibu litakalonipa nafuu. Kama alidhamiria, ni mnyama. Kama hakudhamiria, ni mpumbavu, na mpumbavu mwenye bidii ananitisha zaidi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu ambaye sasa ndiye msemaji wa ukoo, alijaribu kufuta kwa maji, kisha kwa mafuta ya taa. Neno halikutikisika. Akanawa mikono, akaniangalia, akasema, "Shemeji, hili limekuganda." Hakuwa anacheka.

Huku kwetu neno lile si la kuchezea nje ya utani. Wapo vikongwe waliokatwa mapanga usiku kwa sababu ya neno hilo hilo, tena likiwa limesemwa tu, halijaandikwa mahali. Mimi nilikuwa mjane, sina mtoto, muuguzi mstaafu, na nyumba tuliyoijenga kwa ajili ya uzee wetu imekaa kwenye ardhi ya ukoo wa mume wangu. Siku ya kumaliza msiba, baada ya kugawa nguo za marehemu, kikao cha ukoo kingekaa kuamua kama nabaki kwenye nyumba ile au naondoka. Niliitaka nyumba ile kwa roho yangu yote. Udongo wa matofali yake niliukanyaga kwa miguu yangu nikiwa likizo, wakati wifi amekaa kivulini akitoa ushauri. Kaburi liko nyuma ya jiko, na nilitaka niwe nafungua mlango asubuhi nalikuta pale. Nikajua kwamba nikilirudisha gari Goweko siku hiyo likiwa na neno lile, kikao hakitachukua muda.

Kwa hiyo nikaenda Tabora mjini kulifuta. Bado tulikuwa na chumba kile cha Mtendeni, tulikibakisha kwa ajili ya kumpeleka marehemu hospitali. Barabara nzima watu walisimama kunitazama, nami nikadhani wanatazama mjane. Nilipofika mjini nikaelewa. Sokoni watoto wa darasa la kwanza, ambao shuleni mwalimu huwachapa kwa kutojua kusoma, hili walilisoma. Walilisoma silabi kwa silabi, kwa sauti, wakarudia. Mwenye genge la nyanya aliniuzia bila kunitazama usoni. Nikafunika boneti kwa kanga na kuifunga kwenye vioo vya pembeni. Upepo ukaijaza na kuifunua, ikawa kama gari limevaa na linavuliwa nguo barabarani, na watu wakaongezeka. Nikaitoa. Tangu hapo nikaendesha neno likiwa wazi, na aliyelikodolea macho nikamkodolea na mimi.

Mtani wangu alipoliona alifungua mdomo acheke, akaufunga. Aligusa herufi ya kwanza kwa kidole, akatazama kidole chake.

"Mtani, mimi niliandika kwa masizi," alisema. "Hii sikuiandika mimi."

"Najua."

"Usije nayo hivi kwenye kikao. Wale ndugu zako si watu."

"Hilo pia najua."

Gereji ya karibu ni ya fundi mmoja mnene mwenye kupenda sifa, anayefanya kazi tumbo wazi ili watu waone kwamba anakula vizuri. Nilipoegesha, aliisoma boneti, akaita wenzake waje nao wasome, ndipo akakumbuka adabu.

"Shikamoo mama. Leseni hii umekatia wapi?"

"Marahaba. Cheka umalize, halafu uniambie inatokaje."

Alicheka akamaliza. Kisha akaanza kunihubiria, na katika mahubiri yake nusu ilikuwa majigambo na nusu ilikuwa kweli, nikawa nachambua. Gari, alisema, lina ngozi tatu. Chini ni praima, inayoshika chuma, juu yake rangi, na juu ya rangi kuna tabaka lisilo na rangi, jembamba kama ganda la kitunguu, wanaliita klia. Mikwaruzo ikiishia kwenye klia, huhitaji rangi mpya. Unaisawazisha kwa kompaundi, ule ujiuji wenye chenga unaosugua klia mpaka ikawa chini sawa na mikwaruzo yenyewe. Hufuti kitu, unapunguza kila kilichokizunguka. Ikiwa imevuka klia ikaingia kwenye rangi, hapo kompaundi haina kazi.

"Pitisha ukucha," aliniambia. "Ukinasa, imekwenda chini."

Nilipitisha. Kwenye herufi za mwanzo ukucha ulinasa kidogo sana, ulikuwa unajikwaa tu na kuendelea. Kwenye herufi ya mwisho, wifi alipokuwa ameshachoka, haukunasa kabisa. Nilifanya kazi miaka mingi chumba cha vidonda, na kazi yangu kubwa ilikuwa ni hiyo hiyo: kukwangua nyama iliyokufa mpaka nifike kwenye nyama nzima, nisipite hapo. Mgonjwa anapiga kelele, ndugu zake wananiita katili, mimi nakwangua. Muuguzi mwenye huruma huacha kidonda nusu, na kidonda nusu huua mtu. Kwa hiyo fundi alipotoa kopo la kompaundi laini, ndiyo pekee iliyokuwa ikipatikana madukani mjini, nilimwambia aijaribu kwenye herufi ya mwisho tu, nione.

Alisugua kwa mkono na sponji. Ukungu wa jua la miaka mingi ukatoka, bluu ikarudi kama ya dukani, na katikati ya bluu ile safi ile mikwaruzo ikaonekana wazi zaidi kuliko mwanzo. Kompaundi laini haikukata chochote, ilikuwa imesafisha tu mahali pa kusomea.

"Sasa inapendeza," fundi alisema.

"Umeniandikia kwa wino mzuri zaidi."

Akanipa njia nyingine mbili. Ya kwanza, apige rangi boneti yote upya. Nilimwonyesha mlango wa gari la mteja wake uliokuwa pale pembeni, aliopiga rangi wiki ile. Ulikuwa bluu ya aina yake, hauhusiani na gari lenyewe. Boneti yenye rangi tofauti kila mtu angeuliza imefunika nini. Njia ya pili ilinikera zaidi. Alisema tuendelee na ile laini kidogo kidogo, neno lififie nusu, liwe la kutafuta.

"Watu watazoea, mama."

"Wewe ungezoea?"

Nikamwuliza kama ipo kompaundi inayokata kuliko hiyo. Alisema ipo, nzito, kali, ya kuondolea hata alama za msasa, lakini haiji Tabora kwa kuwa magari ya hapa yanaoshwa tu, hayatunzwi. Duka la spea la Nzega, pale njia panda malori yanapopita, wanayo. Ila akaniapia kwa Mungu kwamba kwa gari la umri ule ni kubahatisha: klia imeshaliwa na jua, hakuna ajuaye imebaki kiasi gani, na mashine ya kusugulia ikivuka klia inakula rangi kabla hujainua mkono. Hapo mchawi atakuwa amepata na doa.

Tuliagiza kwa basi. Likaja kopo lenye umbo lile lile na rangi ile ile ya kifuniko, nikalifungua pale stendi, nikasugua kidogo kati ya vidole. Lilikuwa laini kama krimu ya uso. Dukani walituma ya kumalizia, inayopakwa mwisho kabisa. Fundi akasema tuagize tena. Nilikuwa nimeshachoka kuagiza. Kikao kilikuwa kinakaribia, na nilitaka kukishika kitu hicho mwenyewe kabla sijakinunua, kwa hiyo nikawasha gari nikaenda Nzega na neno langu mbele.

Njiani sikuona mengi ya kusimulia, pamba, mahindi, ng'ombe wanaovuka bila haraka. Nzega nilisimama kuweka mafuta. Kijana wa pampu aliisoma boneti, akarudi nyuma, akamwita mwenzake aje anihudumie. Mwenzake akamjibu, "Kwani mimi mama yangu hanipendi?" Wachimba dhahabu wawili kwenye pikipiki walisimama kando wakabishana kama mtu wa aina yangu anaweza kukuonyesha mahali penye mawe ya kutajirika, na mmoja akaja kuniuliza kwa heshima zote. Shikamoo yake ilikuwa safi kuliko zote nilizopewa wiki ile. Nilimwambia achimbe chini ya kitanda cha mama yake. Aliondoka akishukuru, na nina hakika alichimba.

Mwenye duka la spea alikuwa mzee nadhifu mwenye kofia ya kufuma. Nilianza kumweleza, akatoka nje, akasoma, akarudi ndani, akachukua kopo rafu ya chini bila kuniuliza zaidi.

"Kwa hilo, mama, chukua hii."

Hakunipa mkononi. Aliliweka sakafuni katikati yetu, akasogea nyuma, nami nikaliokota kama mbwa aliyetupiwa mfupa. Hela akaniambia niiache kwenye kaunta, na mpaka natoka hakuwa ameigusa. Nilifungua kopo pale pale kizingitini mwake, kwa makusudi, nikasugua kompaundi kati ya vidole nikiwa namtazama. Ilikuwa na chenga kavu zenye kuuma, kama chumvi ya mawe iliyotwangwa. Nilijua hiyo ndiyo.

Fundi wangu alipoiona alibadilika, akavaa shati. Aliosha boneti, akaikausha, akabandika utepe wa karatasi kwenye kingo na mikunjo kwa kuwa huko klia ni nyembamba kuliko pote. Akaivalisha mashine kofia ya manyoya ya kondoo, akaweka kompaundi matone machache, akanipa onyo la mwisho.

"Tazama manyoya. Yakibaki meupe, tunakula klia. Yakianza ubluu, tumefika kwenye rangi. Nitasimama."

"Utasimama nikikwambia."

Mashine ililia. Herufi za mwanzo ziliondoka polepole, kila akipita mara kadhaa na kufuta naona zimepungua, mguu mmoja umekwenda, mguu mwingine umebaki. Nilisimama karibu mpaka chenga zikanirukia kwenye kanga nyeusi ya msiba. Alipofika katikati ya neno, manyoya yakaingia ubluu hafifu sana, kama maji uliyosuuzia sare ya shule. Akazima.

"Basi, mama. Hapa imebaki karatasi."

Kwenye boneti yalibaki mabaki ya A, vijistari viwili vimeegemeana. Asiyejua asingesoma chochote. Ningeweza kukubali. Niliviangalia vijistari vile, nikamwona wifi ameinama kwenye jua la asubuhi anavitafuta kwa kidole, na nilijua angevipata.

"Washa."

"Ikitoboka usinilaumu."

"Washa, baba. Nimekwambia washa."

Aliwasha. Alipita mara moja tu, kwa mkono mwepesi nisioutarajia kwa mtu mwenye tumbo lile, akainua. Haikutoboka. Neno lilikuwa limekwisha. Palibaki ukungu wa mviringo ambao kompaundi kali huacha, akauondoa kwa lile kopo la krimu tulilotumiwa kimakosa, kisha akapaka nta. Nililia pale gereji, kamasi na machozi, kwa furaha. Kaburini sikulia hivyo, na aliye na neno juu ya hilo aniambie usoni.

Ila kazi haikuishia hapo. Boneti sasa ilikuwa inawaka, na gari lote lililobaki limepauka kama sahani ya bati. Mraba ule unaong'aa uliita macho, na mtu angejiuliza kwa nini pale tu. Kwa hiyo nilimwambia aendelee, milango, paa, buti, vyote. Jioni gari lilisimama pale kama limeshushwa kutoka kwenye meli. Tulilinunua limetumika, na mume wangu hakuwahi kuliona hivyo siku hata moja ya maisha yake. Niliumia kwamba amekosa kuliona, nikaumia kweli.

Nilifika Goweko siku ya kikao asubuhi, mtani wangu amekaa pembeni yangu. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha bani la kukaushia tumbaku, wanawake kwenye mikeka. Tukasalimiana. "Mwangaluka." "Mwangaluka." Kisha wote, bila kuitana, wakasimama wakaja kulizunguka gari. Shemeji aliinama, akaiangalia boneti kwa ubavu, akihama ili mwanga uipige huku na huku. Nilisubiri. Nilikuwa nimesubiri dakika ile tangu Nzega. Aliangalia mpaka akachoka, hakupata kitu.

Wifi ndiye aliyesema kwanza.

"Linang'aa." Akawageukia wanawake. "Udongo wa kaburi la kaka yangu haujakauka, mwenzetu anang'arisha gari. Linaenda harusi ya nani?"

"Nimeondoa ulichochora wewe, wifi."

"Mimi nilisafisha masizi."

Shemeji akainua mkono tukanyamaza. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ninaouchukia kuliko kelele za dada yake. "Shemeji, tunauliza tu. Mimi nilitumia maji, nikatumia mafuta ya taa, likakataa. Wewe ulilitoaje?"

Nikaeleza. Niliwaeleza kila kitu, kwa hasira na kwa majivuno, kama nilivyokuwa nikikabidhi zamu wodini: ukucha, ganda la kitunguu, kompaundi laini ilivyoshindwa, kopo lililokosewa, safari ya Nzega, chenga zinazouma, manyoya yalivyoingia ubluu, na fundi alivyotaka kusimama nikamkatalia. Niliwaeleza ili waone akili, waone kwamba ni kazi ya mikono na mashine, haina siri. Walisikiliza mpaka mwisho. Kisha wakaanza kutazamana wao kwa wao.

Mtani akaona, akajitosa. Alipanda kwenye kigoda, akapiga makofi. "Nyie Wanyamwezi, mnajisahaulisha? Mimi ndiye niliyeandika! Nilikuwa namtania mjane wenu. Leteni kuku wangu nifute, tumalize, njaa inaniuma." Mmoja au wawili walicheka, na kijana mmoja akaanza hata kunyanyuka kwenda kwenye banda la kuku. Mtani akashuka, akavua kanga ya begani, akafuta boneti mbele yao kama desturi inavyotaka. Alifuta kwa madaha, akiimba. Kisha akaitazama kanga. Ilikuwa safi.

"Mtani," shemeji alimwuliza, "unafuta nini?"

Mtani aliigeuza kanga upande wa pili, akaifuta tena boneti.

"Utani wako ulitoka na masizi," shemeji akaendelea. "Ungesema leo kama lingekuwepo bado, tungekuelewa, tungecheka, tungekupa kuku. Lakini huyu hakukusubiri. Kalala na hofu yake wiki zote hizi, kamkatalia fundi, kachoma mafuta barabarani." Akanigeukia. "Mtu haendi mpaka Nzega kutafuta kitu cha kufuta utani, shemeji. Anayehangaika hivyo analijua neno lake."

Yule kijana alikuwa amekaa tena chini.

Nilisema mengi. Nilisema ningekuja nalo mngesema nini, nilisema nani alishika stilwaya, nilisema matofali ya nyumba ile nani aliyakanyaga. Wanaume waliangalia mikono yao. Wakasema gari ni langu, nimelitunza, niende nalo kwa amani. Nyumba ni ya ukoo. Wifi alikuwa ameshaingia ndani, anatoa vyombo vyangu na kuvipanga kwenye buti kwa uangalifu, visigongane. Niliomba nipite nyuma ya jiko, kaburini. Shemeji akaniambia kaburi haliendi popote.

Mtani aliingia garini akilia, mimi silii. Nilipowasha, nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Kina mama walikuwa wanavuta watoto wao nyuma ya kanga zao. Neno lilipokuwa limeandikwa waziwazi, kabla sijaenda mjini, watoto wale wale walilisugulia viganja, na mama zao wakawaacha. Sasa boneti haina kitu, wanaogopa. Wanaogopa kweli.

Sikuondoka. Nilishusha kioo nikawatazama mmoja mmoja, bila haraka, kama ninayeweka kila sura mahali pake. Nawachukia mpaka leo na sijapungukiwa. Wifi aliinamisha macho wa kwanza, shemeji akafuata, akijifanya anatafuta kitu chini. Nilisikia raha, raha chafu, na sikuikataa. Nikakaa pale injini ikiunguruma mpaka yule wa mwisho wao alipoangalia chini, ndipo nikatia gia.